Ekari Saba za Mzee Iha

Kwa heshima na taadhima, ninautangazia umma wa Garsen, wakazi wote wa delta ya Mto Tana, na kila mtu duniani asomaye Kiswahili, kwamba Jopo la Wahariri wa Kujitolea liliundwa rasmi mwezi wa Agosti, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa lengo tukufu la kuwaokoa watu mashuhuri wa sehemu hii wasisahauliwe milele.

Jopo lilikuwa na watu watatu. Mmoja wao alikuwa amekuja kuchaji simu.

Huyo wa simu ni mimi. Jina langu ni Kadii, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni huko Kilifi, ambako nimefunzwa kuandika insha zenye jua linalochomoza kwa madaha na ndege wanaotumbuiza kwa nyimbo tamu, hata kama insha yenyewe ni ya ajali barabarani. Nilikuwa nimekuja likizo. Kwetu ni karibu na Minjila, na wiki hiyo kwetu hakukuwa na stima. Nikapanda bodaboda hadi saiba ya Gladys mjini Garsen, nikachomeka simu, na kabla haijafika asilimia kumi nilikuwa mhariri.

Gladys ni Mpokomo wa Golbanti, mwimbaji wa kwaya, na saiba ni yake: kompyuta nne, feni moja, na mlango ambao mbuzi huingia bila kubisha. Yeye ndiye aliyeanzisha jopo. Mjumbe wa pili ni Mwalimu Jatani, Muorma aliyefundisha huko Bangale miaka thelathini kabla ya kustaafu. Bado anatembea na kalamu nyekundu nyuma ya sikio, ingawa hakuna njia ya kusahihisha kioo cha kompyuta kwa kalamu. Mara mbili nimemwona akiishika.

Kazi yenyewe ni hii. Mtandaoni kuna kamusi elezo ya bure. Mtu yeyote anaweza kuandika makala, na mtu mwingine yeyote anaweza kufuta alichoandika mwenzake. Hakuna anayelipwa. Watu hugombana kwa kujitolea. Kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano, yaani uwanja wa kugombania, na ina historia, ambamo kila neno lililowahi kuandikwa au kufutwa limehifadhiwa pamoja na jina la akaunti iliyoliandika. Sisi watatu tulikuwa tumekaa chumba kimoja, migongo ikikaribia kugusana, lakini tuligombana kwa kuandika, kwa sababu Mwalimu alisema ubishi usioandikwa si ubishi, ni kelele.

Mtu mashuhuri wetu wa kwanza alikuwa marehemu Mzee Iha Kaingu, mkulima wa Minjila, Mgiriama kama mimi, aliyekuwa kwenye kamati ya amani kati ya wakulima na wafugaji mpaka akafa. Chanzo chetu kilikuwa nusu ukurasa katika jarida la kanisa, lililochapishwa wakati wa mazishi yake. Lilisema alizaliwa, aliokoka, alipenda amani na aliacha watoto watano.

Kutoka hapo tukaanza kupigana.

Gladys aliandika kwamba Mzee Iha alipendwa na watu wote. Mwalimu akafuta, akaandika kwenye majadiliano: "Nani aliwahoji watu wote?" Gladys akaandika kwamba alikuwa na sauti nzuri ya besi. Mwalimu akafuta. Mimi nikaandika jambo ambalo kila mtu Minjila analijua, kwamba katika mkutano mmoja wa amani Mzee Iha alisimama kwenye ukingo wa mto kuhutubia, ukingo ukameguka, akaingia mtoni na suti, akatoka, akamalizia hotuba. Hiyo ilikuwa aya yangu bora maishani. Ilikaa dakika sita.

"Chanzo?" Mwalimu aliuliza, safari hii kwa mdomo.

"Babangu alikuwepo, Mwalimu. Ndiye aliyemvuta kwa tai."

"Baba yako amechapishwa wapi?"

"Babangu hajachapishwa, Mwalimu. Amezaliwa tu."

Gladys akacheka mpaka akashika meza. Mwalimu hakucheka. Alinigeukia na kiti chote.

"Kadii, sheria ni moja. Jambo liwe limechapishwa mahali. Kama halijachapishwa, kwetu halipo. Tukianza kuandika kila linalosemwa Garsen, tutajaza mtandao wote kabla ya adhuhuri."

Siku ya tatu akaja Kanze.

Kanze ni binti wa Mzee Iha, wa mwisho, ndiye aliyebaki shambani. Kwa ukoo ni shangazi yangu. Alikuwa amesikia kwamba babake anaandikwa, akavaa kitenge chake cha kanisani akaja. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki kilichopasuka kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Mmeandika habari ya njia?" akauliza.

Hapa lazima nieleze, kwa wasomaji wa mbali. Malka ni njia ya mifugo kufikia mtoni. Mto ni mmoja, mashamba yamejipanga kando yake kama wanafunzi kwenye foleni ya uji, na ng'ombe wako nyuma, wana kiu. Penye malka, wanapita. Pasipo na malka, wanapita vilevile, na hapo ndipo watu huchukua mapanga.

Shamba la Mzee Iha lilikuwa na malka, lakini ya namna yake. Kanze alitueleza polepole, akimtazama Mwalimu. Kila kiangazi, kabla ng'ombe hawajateremka, wazee wa wafugaji walikuja kwa miguu na kibuyu cha maziwa. Fimbo zao waliziacha nje ya ua. Walikaa, wakanywa chai, wakaomba njia. Babake aliuliza, "Mpaka lini?" Wao walijibu, "Mpaka mvua." Basi alifungua ua upande wa miembe. Mvua ikinyesha, aliufunga tena kwa miiba, kwa mikono yake. Mwaka uliofuata waliomba upya, kana kwamba hawajawahi kuomba. Babake alipokufa, walikuja kumwomba yeye Kanze.

"Mwandike hivyo," alisema. "Kwamba waliomba. Kila mwaka. Kuna watu watakuja kuandikisha malka zote, nimesikia kwa chifu. Hilo shamba ni ekari tatu tu, na mimi sina lingine. Ikiandikwa kwamba iliombwa, itajulikana ni yetu."

Mwalimu alivua miwani.

"Mama, hili limeandikwa wapi?"

"Liandikwe wapi tena, Mwalimu? Si ng'ombe wa babako walipita pale? Si wewe mwenyewe ulikuja na kibuyu ukiwa kijana, ukakaa kwenye mkeka wetu, ukamaliza viazi?"

Hata mbuzi aliyekuwa mlangoni alionekana kungoja jibu.

"Nilikuja," Mwalimu alisema. "Viazi pia ni kweli. Na ndiyo maana siwezi, mama. Mimi ni Muorma. Nikianza kuandika habari ya malka kwa maneno ya mdomo, leo nitaandika yanayokufaa, kesho kijana wa kwetu atakuja na maneno yake ya mdomo yanayomfaa yeye. Nitamkataliaje? Leta karatasi. Karatasi yoyote."

"Sina karatasi. Tulikuwa na kibuyu."

Gladys aliiandika hata hivyo, aya nzima, vizuri. Mwalimu akaifuta. Gladys akairudisha. Mwalimu akaifuta tena, akaandika kwenye majadiliano maneno ishirini ya heshima. Gladys akamwandikia maneno matatu yasiyo ya heshima. Kanze alikuwa ameketi palepale akitutazama migongo, hajui kwamba babake anaingia na kutoka duniani kila dakika mbili.

Na sasa, ndugu msomaji, ninafika kwenye mchango wangu binafsi katika historia ya delta.

Nilikuwa na hasira ya aya yangu ya suti. Jioni hiyo, bando likiwa limebaki kidogo, nilifungua akaunti mpya kwa jina la Mtafiti Mwandamizi. Nilitaka kumpa Mwalimu kitu cha kufuta, kitu kikubwa, cha kumwangusha miwani. Nikaandika:

"Mwaka 1987 Mzee Iha alitoa ekari saba za shamba lake kwa wafugaji ziwe malka ya milele, huku machozi ya furaha yakimtiririka njia mbili mbili, na ng'ombe mia tatu wakasimama kimya wakimsikiliza, na mmoja wao akatikisa kichwa kuashiria kwamba ameafiki."

Nililala nikitabasamu. Asubuhi nilienda saiba mapema nione sura ya Mwalimu. Aliisoma, akatoa mlio puani, akaanza kufuta. Alifuta yule ng'ombe aliyetikisa kichwa. Alifuta ng'ombe mia tatu. Alifuta machozi. Kisha akasimama, akafikiri, akabandika alama ndogo inayosema chanzo kinahitajika, akaenda kunywa chai.

Kilichobaki kilikuwa: "Mwaka 1987 Mzee Iha alitoa ekari saba za shamba lake kwa wafugaji ziwe malka ya milele."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Lakini basi la Kilifi lilikuwa linaondoka kesho yake, na niliona ni mzaha mzuri zaidi kuliko nilivyopanga: mwalimu mkali kuliko wote Tana River amepitisha mtihani wangu. Bwenini niliwasimulia wasichana, nikiigiza ng'ombe. Nilikuwa ng'ombe mzuri sana. Waliniomba nirudie.

Shuleni kwetu simu ni haramu. Kwa miezi mitatu sikuona lolote.

Niliporudi Desemba nilifungua makala, nikakuta alama ndogo imeondolewa. Mahali pake kulikuwa na tanbihi namba nne. Shirika moja la mambo ya amani lilikuwa limechapisha jarida la kupendeza, karatasi ya kung'aa, na picha ya ng'ombe ambaye hata si wa huku. Mwandishi wake hakuwahi kufika Minjila. Alifungua kamusi elezo, akainakili sentensi yangu, akaongeza kwamba huo ni mfano wa kuigwa. Mwalimu Jatani alipoliona jarida alifurahi, kwa sababu hatimaye kulikuwa na karatasi. Akaliweka kama chanzo. Sentensi yangu ilitoka kwa mlango wa nyuma, ikazunguka nyumba, ikarudi kwa mlango wa mbele na kitambulisho.

Nikafanya jambo jema, la kwanza katika maisha yangu ya uhariri. Niliifuta, kwa jina lilelile la Mtafiti Mwandamizi.

Mwalimu aliirudisha baada ya dakika kumi. "Usifute maelezo yenye chanzo," aliandika. Nikafuta tena. Akarudisha. Nikaandika kwenye majadiliano kwamba Mzee Iha hakuwa na ekari saba. Akaniuliza chanzo. Nikafuta mara ya tatu, na msimamizi fulani, ambaye sijui anaishi nchi gani, akanifungia akaunti kwa siku saba kwa kosa la uharibifu. Niwaambieni ukweli: nimemwaga chumvi kwenye chai ya mwalimu mkuu, nimewatangazia kidato cha kwanza mazoezi ya kuzima moto saa kumi na moja alfajiri, nimebandika masharubu kwenye picha ya mfadhili, na sijawahi kukamatwa. Siku niliposimama upande wa haki nilifungiwa.

Bado ningeweza kuingia saiba nikasema, "Ni mimi." Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya baraza Minjila.

Wale wa kuandikisha malka walikuja kweli. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mpimaji na turubai la kuketia chini yake. Shamba kwa shamba waliuliza, mkutano ukabishana, wakaandika. Lilipofika la Mzee Iha, katibu alitoa karatasi mbili kwenye faili. Moja ilikuwa makala yetu, imeprintiwa kwenye saiba ya Gladys. Nyingine ilikuwa ukurasa wa lile jarida.

"Hapa hakuna ubishi," mwenyekiti akasema. "Imeandikwa. Sehemu mbili."

Kanze alisimama. "Babangu hakutoa. Walikuwa wanaomba. Na ekari saba alizitoa wapi, naye alikuwa na tatu?"

"Mama, una hati?"

"Sina."

"Una maandishi yoyote?"

"Nina huyu." Akamwonyesha Mzee Idris.

Mzee Idris ni mfugaji, ndiye aliyekuwa akileta kibuyu miaka hii yote, baada ya baba yake. Kiswahili chake ni cha kufanyia kazi, si cha mapambo. Alisimama taratibu.

"Mimi nasema kweli. Sisi ilikuwa kuomba. Mwaka hii kuomba, mwaka ingine kuomba. Iha hajatoa. Iha anafungua, mvua inakuja, Iha anafunga."

Mwenyekiti akatabasamu. "Mzee, unapewa malka ya kudumu, unakataa?"

Watu wakacheka, na vijana wa upande wake Idris ndio waliocheka zaidi. Mmoja akaita kutoka nyuma, "Mzee amezoea chai ya bure!"

"Nyinyi cheka," Idris alisema. "Mwaka ya kwanza bila kuomba, mtu atapanda mahindi katikati ya hiyo malka yenu, kwa sababu ni ya babu yake. Kijana yangu atapitisha ng'ombe juu ya mahindi, kwa sababu iko kwa karatasi. Halafu mimi mtaniita tena kwa kamati ya amani, eh? Mimi nimechoka na hiyo kamati."

Katibu hakuandika hilo. Halikuwa jibu la swali lake.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya akina mama, hatua ishirini kutoka kwa turubai. Nilihesabu. Hatua ishirini, na mdomo ninao, mdomo ambao shuleni haufungiki hata wakati wa sala. Sikwenda.

Siku ya Alhamisi walipima. Walianzia ukingo wa mto wakitafuta ekari saba. Tatu za Kanze zikaisha, na miembe ndani yake, basi wakaendelea wakaingia kwa jirani wa kushoto, kisha kwa jirani wa kulia, mpaka saba zikatimia. Wakachimbia bikoni za saruji kuonyesha mipaka. Nyumba ya Kanze ilibaki nje kwa mita mbili, kwa hiyo waliandika kwamba hakuna aliyehamishwa. Ijumaa kamati ilitia saini. Jumamosi jirani wa kushoto alikuja mlangoni pa Kanze na wanawe, wakasimama nje, wakamtukana marehemu kwamba alikuwa mwizi aliyegawa mashamba ya watu ili asifiwe. Jumapili kanisani hakuna aliyekaa benchi moja na Kanze. Najua, kwa sababu nilikuwa benchi la nyuma yake, nikitazama kisogo chake, na mimi pia sikuhama.

Jumatatu nilikuwa saiba na Gladys na Mwalimu. Tulikuwa hatugombani tena. Gladys alikuwa ameacha kuhariri tangu Alhamisi, anachapa barua za watu tu. Mwalimu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha.

Kanze aliingia na Mzee Idris nyuma yake. Safari hii hakuvaa kitenge cha kanisani. Hakukaa.

"Nataka kumjua aliyesema saba," alisema. "Sitaki kesi. Nataka tu kumuuliza kama alimjua babangu."

"Ni lile jarida, mama," Mwalimu akasema.

"Nimepiga simu kwa jarida. Wamesema walitoa kwenu."

Mwalimu si mjinga. Aligeuka, akawasha kompyuta, na wakati inajivuta kuamka, akaniuliza bila kunitazama, "Kadii, wewe umewahi kupitia historia ya ukurasa huu?"

"Mimi? Hata sijui inafunguliwaje, Mwalimu."

"Basi sogea, ujifunze."

Alifungua historia, akarudi nyuma, Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Akafika Agosti. Akakuta jina la Mtafiti Mwandamizi, mhariri aliyetokea siku moja, akaandika sentensi moja, akapotea mpaka Desemba alipokuja kuifuta mara tatu. Mwalimu alilitazama jina hilo kwa muda. Kisha akabonyeza toleo la kwanza, lile ambalo yeye mwenyewe alilikata.

Akalisoma kwa sauti, kwa sauti ya darasani, kwa ajili ya Kanze ambaye macho yake hayafiki kwenye kioo.

"'Mwaka 1987 Mzee Iha alitoa ekari saba za shamba lake kwa wafugaji ziwe malka ya milele, huku machozi ya furaha yakimtiririka njia mbili mbili...'"

"Babangu hakuwahi kulia," Kanze akasema. "Hata alipozikwa mamangu."

"'...na ng'ombe mia tatu wakasimama kimya wakimsikiliza, na...'"

Stima zikapotea. Feni ikazunguka mara ya mwisho, kioo kikawa cheusi, na Mwalimu akabaki mdomo wazi, mkono kwenye kipanya.

"Na nini?" Gladys akauliza. "Huyo mwehu ameandika ng'ombe wakafanya nini?"

Naapa sikukusudia. Ni kama mtu akikuanzishia wimbo. Ni sentensi niliyoiigiza bwenini mara kumi, na ilikuwa imening'inia pale bila mkia wake.

"Mmoja wao akatikisa kichwa," nikasema, "kuashiria kwamba ameafiki."

Nje bodaboda ilipita. Gladys alikuwa wa kwanza kunigeukia, kisha Mwalimu, na mkono wake ukapanda taratibu hadi kwenye kalamu nyuma ya sikio, ukaigusa, ukaiacha.

"Umesema hujui historia inafunguliwaje," Mwalimu alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nililikata asubuhi, kabla hujaingia hapa... hapana. Ulikuwa umeingia. Ulikuwa umekaa pale, unanitazama. Ulikuwa unangoja nicheke."

"Nilikuwa nangoja ufute, Mwalimu. Yote. Nilijua utafuta yote."

"Nilifuta ng'ombe," akasema. Hakuwa akisema na mimi. "Nikafuta ng'ombe, nikaacha shamba. Shamba lilisikika kama kweli. Na lilitufaa sisi." Akaitazama mikono yake. "Maneno ya huyu mama niliyakataa kwa sababu yangemfaa yeye."

Gladys akarukia, "Basi andikeni! Stima ikirudi, futa, andika kwamba ni uongo, mpeleke kwa kamati!"

"Kwa chanzo gani?" Mwalimu akauliza. Aliuliza kwa upole, kama mgonjwa. "Jarida linasema saba. Ramani ya kamati sasa inasema saba, na ramani ni chanzo kuliko jarida. Na huyu ni mtoto wa shule aliyefungiwa kwa uharibifu. Msimamizi ataniuliza amechapishwa wapi. Kamati nayo ilisaini Ijumaa, wameshaondoka, wako wilaya nyingine."

Kanze alikuwa hajasogea.

"Ekari saba ulizitoa wapi?" akaniuliza.

"Nilichagua tu, Shangazi. Saba ilisikika vizuri."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu asichoweza kununua. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikaona hapo ndipo mahali pa kuomba msamaha, nikavuta pumzi, na likanitoka lile nililofunzwa:

"Shangazi yangu mpendwa, nakiri mbele yako kwa moyo uliopondeka kwamba ni mimi niliyekengeuka na kutenda kitendo cha fedheha kisicho na kifani, na majuto yamenijaa pomoni—"

"Ngoja," Mzee Idris akasema kutoka mlangoni. Alikuwa ameinamisha sikio. "Mimi sielewi hiyo Kiswahili. Anasema nini huyu msichana?"

Gladys alitazama chini. Mwalimu hakutafsiri, ingawa Kiorma ni lugha yao wote wawili. Kanze alisema, "Mwambie mwenyewe. Mwambie ya kawaida."

Nikajaribu tena. Nilitafuta neno la kuanzia, na yote niliyokuwa nayo yalikuwa yale marefu.

"Mzee," nikasema, "ile ya ekari saba ni mimi niliandika. Hakuna mtu aliniambia. Ni uongo. Nilikuwa nacheza."

"Sema tena," Kanze akasema. "Kwa nguvu. Sikio lake moja halisikii."

Nikasema tena.